Shahidi wa Mambo Yasiyoonekana

Muhogo haujitangazi. Majani yake yaonekana juu, lakini mizizi imefichwa udongoni, na mwenye shamba hajui kwa hakika atapata magunia mangapi mpaka siku ya kung'oa. Hata hivyo mara nyingi huulizwa mapema. Mchuuzi afika, asema: «Mzee, shamba lako litatoa magunia mangapi?» Mzee ang'oa mashina matatu, ayatazama, apima kwa macho, ajibu: «Arobaini.» Mchuuzi aenda kukodi lori. Ndugu za mzee wakopa fedha kwa kutumainia magunia hayo: huyu anunua mabati, huyu alipa karo ya mtoto. Siku ya mavuno yapatikana magunia ishirini na mawili tu. Deni labaki, mabati yarudishwa dukani, na mtoto arudi nyumbani.

Je, mzee yule alisema uongo?

Mmoja atajibu: «Ndiyo, maana alisema arobaini, na arobaini hazikuonekana.» Mwingine atajibu: «Hapana, kwa kuwa hakuna mtu aonaye chini ya udongo.» Majibu hayo mawili yote yana haraka. Kabla ya kuhukumu yafaa kuuliza jambo moja zaidi: mashina yale matatu, mzee aliyang'oa wapi?

Swali hilo si la muhogo peke yake. Wako watu duniani ambao kazi yao yote ni kuulizwa habari za vitu vilivyofichwa chini ya nchi, na neno lao moja laweza kuinua au kuangusha maelfu ya watu. Hao ni wahandisi wanaopima mafuta ya petroli na gesi ndani ya miamba. Yafaa kuitazama kazi yao, maana ndani yake lile swali la shamba la muhogo laonekana wazi zaidi.

Kazi yao ilivyo

Watu wengi hudhani kwamba petroli imelala chini ya ardhi kama ziwa, na kwamba yatosha kutoboa na kuteka. Sivyo. Petroli imo ndani ya jiwe. Tazama mtungi wa udongo uliojazwa maji: baada ya muda ukuta wake wa nje watoa jasho. Udongo ule uliochomwa waonekana mgumu, kumbe una matundu madogo sana, na maji hupenya humo. Ndivyo ilivyo miamba mingi ya mchanga uliogandamana tangu zamani za kale. Katika mwamba mzuri, sehemu 10 hata 30 kwa mia ni matundu. Humo ndimo yakaamo mafuta, gesi na maji, na juu yake umelala mwamba mwingine usiopitisha kitu, kama kifuniko cha chungu.

Basi mhandisi huulizwa: mwamba huu una upana gani na unene gani? Matundu yake ni mengi kiasi gani? Ndani ya matundu hayo, mafuta ni mangapi na maji ni mangapi? Njia kati ya tundu na tundu ni pana au nyembamba? Na nguvu inayoyasukuma mafuta kuelekea kisimani ni kubwa kiasi gani, nayo itadumu miaka mingapi? Kanuni moja aitumiayo ilitoka kwa Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon. Mwaka 1856 alitangaza jinsi maji yanavyopita katika mchanga, mengi au machache, kwa kadiri ya msukumo na ya mchanga wenyewe. Hakuwa akitafuta petroli. Alitaka maji safi kwa watu wa mji. Lakini kweli ikipatikana mahali pamoja huwafaa watu wengi.

Tena yako jambo jingine. Mafuta yaliyomo mwambani hayatoki yote. Kila mama aliyekamua mawese ajua kwamba makapi hubaki na mafuta, hata akikamua kwa nguvu zake zote. Mwamba nao hushika. Kwa wastani wa dunia nzima, katika mapipa matatu yaliyomo ardhini hutoka moja hivi. Upande wa Uganda wa Ziwa Albert, ziwa lile ambalo Kongo nayo inalo fungu lake, mafuta yenye faida yaligunduliwa mwaka 2006. Serikali ya Uganda yasema kwamba mwambani mna mapipa bilioni 6.5 hivi, lakini yawezayo kutolewa ni bilioni 1.4 hivi. Mtu akitaja hesabu ya kwanza na kunyamaza juu ya ya pili, hakutamka neno lolote la uongo. Walakini msikilizaji wake amekwenda nyumbani akiwa amedanganyika.

Na hayo yote mhandisi huyajua kwa njia gani? Kwa mashina matatu ya muhogo. Mafundi hutetemesha ardhi na kusikiliza mwangwi urudio kutoka chini. Hutoboa visima vichache, kila kimoja chembamba kuliko mdomo wa sufuria kubwa, navyo huenda chini kilometa mbili au tatu. Hutoa humo kipande cha mwamba chenye unene wa mkono wa mtu. Kwa kipande hicho yapasa kusema habari za nchi ambayo mtu hangeweza kuizunguka kwa miguu kwa siku nzima.

Maneno matatu

Kwa kuwa hawaoni, mafundi hao wamejiwekea adabu ya kusema. Hawatoi hesabu moja tu. Hutaja pia nguvu ya hesabu hiyo. Katika kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi yako maneno matatu. La kwanza ni mafuta yaliyothibitika: hapo yapasa iwepo nafasi tisa katika kumi kwamba kitakachotoka kitafikia hesabu iliyotajwa au kuizidi. La pili ni mafuta yanayotazamiwa: yakijumlishwa na yale ya kwanza, nafasi ni tano katika kumi. La tatu ni mafuta yanayowezekana: yakijumlishwa yote, nafasi ni moja tu katika kumi.

Hapo jibu la swali la mzee laanza kuonekana. Anayekadiria husema mambo mawili kwa mara moja. La kwanza ni kiasi: «Arobaini.» La pili ni uthabiti: «Nina hakika,» au «Nadhani,» au «Huenda.» Kiasi ki mikononi mwa udongo, na hakuna awezaye kuuamuru. Lakini uthabiti u moyoni mwa msemaji, naye peke yake aujua. Na uongo ni nini, kama si kusema kinyume cha kile ulicho nacho moyoni, kwa nia ya kumpoteza mwenzako?

Kwa hiyo, mtu aliyesema: «Nadhani arobaini, lakini nimeng'oa mashina matatu tu, tena ya upande mmoja,» akapata ishirini na mawili, amekosea, hakudanganya. Na mtu aliyesema: «Arobaini, hakika,» hali moyoni mwake hana hakika, amedanganya. Tena jambo la kutia ajabu ni hili: amedanganya hata kama siku ya mavuno magunia yatakuwa arobaini kamili. Bahati ilimwokoa na aibu. Haikumsafisha na kosa.

Mambo yaliyotokea mwaka 2004

Mtu asidhani kwamba hayo ni maneno matupu ya wenye kupenda mabishano. Tarehe 9 Januari 2004, kampuni ya Shell, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za mafuta duniani, ilitangaza kwamba inaondoa mapipa bilioni 3.9 katika hesabu ya mafuta na gesi iliyokuwa imeyaita yaliyothibitika. Ilikuwa kama sehemu moja ya tano ya hesabu yake yote. Miezi ile ile ikapunguza tena na tena, mpaka jumla ikapita bilioni 4.4.

Yafaa kuangalia vizuri kosa lilikuwa wapi. Sehemu kubwa ya mafuta na gesi ile haikubuniwa, ilikuwako ardhini. Tazama gesi ya Gorgon, iliyo baharini upande wa kaskazini-magharibi ya Australia, ambayo kampuni ilikuwa na fungu ndani yake. Kampuni iliiandika kuwa imethibitika tangu mwaka 1997, wakati hapakuwa na wanunuzi waliofunga mapatano wala uamuzi wa kujenga mitambo. Uamuzi ule ulifanywa mwaka 2009, na shehena ya kwanza ya gesi iliondoka mwaka 2016. Basi gesi ilikuwako kweli, tena mwishowe ilitoka kweli. Kisichokuwako mwaka 1997 ni uthibitisho. Jiwe halikudanganya; lililodanganya ni neno moja lililoandikwa pembeni mwa hesabu.

Matunda yake yalikuwa machungu. Watu walionunua hisa za kampuni wakiamini hesabu ile walipata hasara. Miongoni mwao ilikuwamo mifuko inayotunza fedha za wazee waliostaafu. Mwezi wa Machi mwenyekiti wa kampuni na mkuu wa kazi za utafutaji waliacha vyeo vyao. Baadaye ilijulikana kwamba huyo mkuu alikuwa amemwandikia mwenyekiti, tangu Novemba 2003, kwamba amechoka kusema uongo juu ya hesabu hizo. Katika mwaka ule ule wa 2004 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 120 kwa tume ya Marekani isimamiayo masoko ya hisa, bila kukiri wala kukana, na pauni milioni 17 kwa wasimamizi wa Uingereza.

Tena lilionekana jambo moja la kusikitisha. Kazi ya kukagua hesabu hizo za dunia nzima ilikuwa imekabidhiwa mtu mmoja tu, mhandisi aliyestaafu, asiyefanya kazi siku zote, naye alifika kila mahali mara moja tu katika miaka minne hivi. Mwenye kutaka kweli hujenga mlango mpana wa kuiingiza. Mwenye kuiogopa haufungi mlango kabisa, maana watu wangeona, huuacha wazi kidogo tu, kisha asema: «Mlango upo.»

Udhuru unaotolewa

Mtu atasema: «Hakuna aliyeona chini, basi hakuna awezaye kushtakiwa.» Jibu: hashtakiwi kwa kutoona. Ashtakiwa kwa kusema kana kwamba ameona. Giza si dhambi ya mtu. Taa ya uongo ni dhambi yake.

Mwingine atasema: «Basi njia salama ni kutaja kidogo siku zote.» Hilo nalo si kweli. Mwaka 1960, baada ya gesi kupatikana Groningen katika Uholanzi, hesabu ya kwanza ilisema mita za ujazo bilioni 60. Mwishowe ilijulikana kwamba ni kama bilioni 2,800. Hesabu ndogo nayo yaweza kuwapoteza watu: wenye nchi huweza kuuza mali yao kwa bei ya chini, na kujenga mabomba yasiyotosha. Anayetaja kidogo ili asilaumiwe ajilinda mwenyewe, hamhudumii aliyemwuliza. Kweli haipendi kuongezwa wala kupunguzwa.

Wa tatu atasema: «Mimi ni mtumishi. Mkuu wangu ataka hesabu kubwa, nami nina watoto wa kulisha.» Udhuru huu ni mzito kuliko yote, na mtu asiyepata kuogopa kufukuzwa kazi asiucheke. Hata hivyo yapasa kutenganisha mambo mawili. Mkuu ana haki ya kuamua la kufanya na hesabu: kuchimba au kutochimba, kungoja au kuharakisha. Hana haki ya kuamua hesabu yenyewe, kwa kuwa si mali yake. Mkuu aweza kumwamuru mtu, hawezi kuliamuru jiwe. Na mhandisi amewekwa pale ili alisemee jiwe mbele ya mkuu. Akianza kumsemea mkuu mbele ya watu, na kuliweka jiwe kuwa kifuniko chake, kazi yake imekwisha, hata kama mshahara waendelea.

Watu wakaao juu

Iko sehemu nyingine ya jambo hili, nayo yapita hesabu za fedha. Juu ya mwamba wa mafuta mara nyingi kuna nyumba za watu.

Gesi ya Groningen imo katika mwamba wa mchanga, kilometa tatu hivi chini. Gesi ndani ya matundu ilikuwa kama mkono uliousaidia mwamba kubeba uzito wa nchi iliyo juu yake. Ilipotolewa miaka mingi, mkono ule ulilegea. Mwamba ukabonyea, na mahali palipo na nyufa za kale ardhi ikateleza na kutetemeka. Mwaka 1986 tetemeko lilisikika huko Assen. Mtaalamu mmoja wa nchi ile, Meent van der Sluis, alisema kwamba sababu ni uchimbaji wa gesi. Wengi hawakumwamini, hata alichekwa. Mwaka 1993 ilikubaliwa rasmi kwamba kuitoa gesi kwaweza kuleta matetemeko, lakini ilisemwa kuwa yatakuwa madogo. Tarehe 16 Agosti 2012 karibu na Huizinge lilitokea tetemeko la kipimo cha 3.6, nalo likaharibu nyumba nyingi. Januari 2013 wakaguzi wa migodi wa serikali walishauri gesi ipunguzwe haraka. Kumbe mwaka ule ule wa 2013 zilitolewa mita za ujazo bilioni 54 hivi, kiasi kikubwa kuliko miaka mingi iliyotangulia.

Kuta za maelfu ya nyumba zilipasuka. Wazee walilala wakisikiliza dari. Kazi ya kutoa gesi ilisimamishwa tarehe 1 Oktoba 2023, na sheria ya kuyafunga machimbo kabisa ilikubaliwa mwaka 2024. Tume ya bunge iliyoyachunguza mambo hayo ilisema mwezi wa Februari 2023 kwamba kwa miaka mingi faida za watu wa Groningen ziliwekwa kando kwa ajili ya fedha.

Hapo mtu ajifunza jambo ambalo kanuni za hesabu peke yake hazifundishi. Mwenye kuona mbali kidogo kuliko wengine ni mdeni wao. Mwenye nyumba hakuwapo mezani hesabu ilipofanywa. Hakuijua lugha yake. Alijua tu kwamba ukuta wake umepasuka. Mhandisi alikuwapo. Kwa hiyo haimpasi kujibu tu: «Gesi iliyobaki ni kiasi hiki.» Yampasa kusema, hata asipoulizwa: «Na wenye kukaa juu yake huenda wakapatwa na jambo hili, nasi hatujui hakika litakuwa kubwa kiasi gani.» Neno hilo, «hatujui hakika», ndilo lililo gumu kutamkwa na mtu mwenye elimu. Lakini mahali ambapo watu wanalala juu ya kosa lako, kutojua si sababu ya kuendelea. Ni sababu ya kwenda polepole.

Kurudi shambani

Sasa mzee wa muhogo aweza kuhukumiwa kwa haki. Kama aling'oa shina moja mlimani, moja katikati, na moja bondeni, akasema wazi alilolifanya, hana lawama, ijapokuwa magunia yalipungua. Kama alifanya kwa haraka tu, bila kufikiri, ana kosa la uzembe. Na uzembe katika jambo ambalo wengine wameliwekea mabati yao na karo za watoto wao si kosa dogo. Lakini kama aliyang'oa yote matatu kando ya kichuguu, akijua kwamba udongo wa pale wapita udongo wote kwa rutuba, akanyamaza, basi ameshuhudia uongo, ijapokuwa kila shina alilolionyesha lilikuwa shina la kweli.

Amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo, na watu hudhani yahusu baraza na mahakama tu. Lakini kila siku mtu huitwa kuwa shahidi wa mambo ambayo mwenzake hawezi kuyaona. Muuza ng'ombe aulizwa kama ana ugonjwa. Fundi aulizwa kama daraja litaubeba mzigo. Mjumbe wa ndoa aulizwa kijana yule ana tabia gani. Mwenye kuuliza amefunga macho yake na kuazima macho ya mwingine. Kumwazima mtu macho ni amana kubwa. Yapasa kumwambia kile yaonacho, na vilevile mahali yanapokoma kuona.

Maswali ya kujiuliza

1. Mtu akisema neno bila hakika, kisha neno lile likatokea kuwa kweli, je, hana kosa lolote?

2. Mtumishi aliyeagizwa na mkuu wake kuficha jambo linalowahatarisha majirani, yampasa kufanya nini, hata kama ana watoto wa kulisha?

3. Katika juma hili, ni nani aliyeazima macho yako? Ulimwonyesha mashina ya wapi?